Nusu ya Sista

Upepo wa Kinyamwambo haukuwa na mazoea ya kuchoka. Mwaka mzima ulivua watu kofia, uling'oa mabati, ulihamisha nguo za huyu kwenye kamba ya yule. Lakini wiki ambayo Yunisi alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya ndoa, uliacha kazi bila kuaga. Mapangaboi makubwa ya kufua umeme mlimani yakasimama yamenyoosha mikono kama watu walioulizwa swali gumu, na juu yake mawingu yakakaa, hayanyeshi wala hayaondoki.

Tabea, mdogo wake Yunisi, alikuwa mtunzaji wa ghala la betri. Mchana wa siku yenyewe ya sendofu alipita kwenye rafu akiangalia chaji, na kila kioo alichokitazama kilimpa habari mbaya kuliko kile cha nyuma.

Betri zile zote zilikuwa zimewahi kuishi ndani ya gari. Gari likichakaa, betri yake haikutupwa. Ilikuwa imechoka kukimbia tu, haikuchoka kuwasha taa. Ililetwa hapa ikapangwa na wenzake. Upepo na jua viliishibisha, na jioni iliwarudishia watu umeme. Kijiji kililiita ghala hilo Wastaafuni.

Shida ya wastaafu ni tabia. Kila betri ilikuja na akili yake ndogo, iliyokaa na gari miaka mingi ikijifunza kazi moja. Zamani mafundi walijaribu kuzifuta akili hizo ili betri zianze upya. Betri zikasahau hata sehemu gani ndani yao ni mbovu na ipi ni nzima, zikachemka, zikatoa moshi. Tangu hapo hakuna aliyefuta tena. Ulipokea betri pamoja na tabia zake, kama unavyopokea mkwe.

Kulikuwa na betri mbili za mabasi ya Dodoma ambazo, ukiziweka rafu moja, zilishindana mpaka taa za barabarani zikawaka mchana kweupe. Tabea alizitenganisha kwa kuweka katikati yao betri ya gari la maiti, ambayo haikuwahi kuharakishwa na abiria wake. Betri ya shule ya udereva ilitoa umeme kwa kushtukashtuka, na ukipita karibu nayo kwa kishindo ilizima kabisa. Ile ya gari la mkubwa fulani ilitaka kuchajiwa kabla ya wote, na ikishashiba ilisahau kutoa.

Halafu, kwenye kona iliyopakana na ukuta wa zahanati, alikuwepo Sista.

Sista alitoka kwenye gari la wagonjwa. Alikuwa na sikio, kwa sababu kazini alikuwa akisikiliza pumzi za waliolala nyuma, na alikuwa na sauti ya upole yenye sentensi chache, zote za kazi. Tabia yake ilikuwa moja: hakushuka chini ya nusu. Ungemwomba, ungembembeleza, ungemkata waya na kumuunga upya. Akifika nusu aliacha kutoa. Nusu ilikuwa ya mgonjwa. Mgonjwa yupi? Yule atakayekuja.

Kila Jumatatu Tabea alimwuliza, "Sista, uko tayari?"

Na Sista alijibu, "Niko tayari, mhudumu. Nusu ipo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote ambayo Tabea aliyafurahia. Yeye alikuwa msichana wa kuzunguka nyuma ya nyumba zote ili asipite mbele ya kibaraza chenye watu. Lakini na Sista hakuona aibu. Sista hakumwambia aongeze sauti.

*

Kamati ya sherehe iliingia bila kubisha, kwa sababu kamati haibishi, ikasimama mlangoni, mbali na sikio la Sista. Mbele alikuwa mwenyekiti, Baba Mkubwa Nashoni, na beji yake kifuani. Nyuma yake Shangazi Damari, mkuu wa chakula na kiongozi wa kwaya, mwanamke ambaye akiimba kanisani, mbwa wa ng'ambo ya barabara walihama.

"Mwanangu," Baba Mkubwa alisema, "kamati imekaa. Na kamati imeamua. Tunachukua ile nusu."

Tabea alitazama sandali zake. "Sista hakuwepo kwenye kamati, Baba Mkubwa."

"Unasemaje? Sema kwa sauti."

"Hakuna kitu, Baba Mkubwa."

"Sikiliza. Wakwe wako njiani. Wanakuja na mshereheshaji wa akiba! Eti kama wetu hatatosha. Watu wa namna hiyo utawapokea na vibatari? Watasema tumemtoa binti yetu pangoni."

"Friji za soda zimezima," aliongeza Shangazi Damari. "Soda imekuwa kama uji wa mgonjwa."

"Hatoi," Tabea alisema. "Mpaka awe na mgonjwa."

Kamati ikatazamana. Tabea alijua palepale kwamba amefanya kosa. Watu wa Kinyamwambo ukiwaambia kitu hakiwezekani, wanakwenda nyumbani. Ukiwaambia kinawezekana kwa sharti, wanaunda kamati ndogo.

"Kwa hiyo ni suala la mgonjwa tu," alisema Baba Mkubwa, uso ukimng'aa.

"Mgonjwa gani?" Shangazi aliuliza. "Malaria?"

"Malaria ni ndogo. Hata mimi nina malaria. Weka uzazi."

"Nani azae? Mimi? Mjukuu wangu mkubwa anaota ndevu!"

"Yeye ni betri, Damari. Ataonaje?"

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Yunisi. Umeme wa saluni ulikuwa umekatika akiwa katikati ya matengenezo. Upande wa kulia alikuwa bibi harusi wa kwenye picha. Upande wa kushoto alikuwa mtu aliyetoka kupigana na mbuzi.

"Usicheke," alimwambia Tabea.

"Sijacheka."

"Unacheka kwa macho. Nakujua."

Yunisi akamvuta mdogo wake pembeni, nyuma ya betri ya gari la maiti, ambako palikuwa na utulivu. "Tabea. Mimi nimekusemea maisha yangu yote. Dukani nilikusemea. Kipaimara ulipoulizwa jina lako, nani alijibu?"

"Wewe."

"Kesho naondoka. Sitakusemea tena. Leo naomba unisemee mimi, mara moja. Hakuna mtu anayeumwa kijijini, zahanati vitanda vyote vitupu, nimepita nimeona. Nusu ya watu ambao hawapo, Tabea. Na mimi nipo. Nitazame."

Tabea akamtazama, kulia na kushoto.

*

Giza lilipoanza kuingia, machela iliazimwa zahanati kwa maelezo kwamba ni ya kubebea masufuria. Shangazi Damari akalazwa juu yake mbele ya Sista, akiwa amevaa kitambaa cha shughuli, na funguo za stoo ya pilau kifuani.

"Anza," Baba Mkubwa alinong'ona.

Shangazi akaanza. Ulikuwa mlio ulioanzia chini, ukapaa, ukakaa juu ukitetemeka, kisha ukashuka kwa ngazi. Betri ya shule ya udereva ilizima.

Kioo cha Sista kikawaka bluu. "Nasikia mgonjwa," alisema. "Mgonjwa, unaumwa wapi?"

"Kila mahali!" alilia Shangazi.

"Taja mahali pamoja."

"Tumbo! Na mgongo! Na huu mguu, huu kweli, tangu mwaka juzi!"

"Anajifungua!" Baba Mkubwa akapaza sauti kuelekea kwenye sikio la Sista. "Mimi ni mwenyekiti, nashuhudia!"

"Msindikizaji, nyamaza," alisema Sista kwa upole.

Yunisi akaziba mdomo kwa mikono miwili. Baba Mkubwa, ambaye hakuwahi kunyamazishwa tangu achaguliwe, akarudi hatua nyuma.

"Pumzi ni nzuri," Sista aliendelea. "Moyo ni mzuri. Sauti ina nguvu nyingi." Kisha akasema, "Mhudumu, thibitisha."

Wote wakamgeukia Tabea. Ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Mlio wote ule ulikuwa wa bure. Sista alishaona kwamba haufanani na mgonjwa, lakini miaka yake barabarani ilimfundisha kwamba masikio hukosea, na kwamba mhudumu aliyekaa na mgonjwa ndiye anayejua. Alikuwa anamwuliza Tabea, si mwingine. Alikuwa tayari kuliamini neno lake kuliko sikio lake mwenyewe.

Hakuna mtu aliyewahi kuliamini neno la Tabea kiasi hicho. Na neno lenyewe alilotakiwa kulitoa lilikuwa la uongo.

Nje, honi ya kwanza ya wakwe ikalia.

"Tabea," alisema Yunisi. Alisema hilo tu.

"Nathibitisha," alisema Tabea.

Alilisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba Baba Mkubwa aliuliza, "Amesema?" Lakini Sista alikuwa amezoea sauti ndogo.

"Asante, mhudumu," alisema. "Tunaondoka."

*

Kwa kipindi cha kufumba na kufumbua, mpango ulifanikiwa. Turubai la sherehe likawaka taa zote, spika zikakohoa, mshereheshaji akasikika akisema, "Haloo, haloo, wapendwa..."

Kisha kijiji kizima kikazimika.

Ndani ya ghala, Tabea alisikia swichi za betri zikijifunga moja baada ya nyingine, tak, tak, tak, kuanzia rafu ya karibu mpaka ya mbali. Betri za mabasi zikafunga. Ya gari la maiti ikafunga kwa heshima. Hata ile ya mkubwa ilifunga.

"Zimekufa?" aliuliza Baba Mkubwa gizani.

Tabea alielewa kabla hajajibu. Magari ya siku hizi hayasubiri king'ora cha kusikika na watu. Gari la wagonjwa linapita likiyatumia mengine ishara, nayo yanasogea pembeni na kusimama mpaka lipite. Sista alikuwa hajawahi kuthibitishiwa mgonjwa tangu astaafu, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ishara ile bado anayo. Alikuwa ameituma. Na wastaafu wote, kwa sababu wote walikuwa magari, walikuwa wamempisha.

"Hazijafa, Baba Mkubwa," alisema. "Zimesogea pembeni."

Ni jengo moja tu lililokuwa linawaka. Zahanati iling'aa kama uwanja wa mpira. Taa za wodi, taa ya chumba cha kujifungulia, mashine ya hewa, jiko la maji ya moto, vyote viliwashwa vikisubiri. Na kwenye spika ya mlangoni, sauti ya Sista ilikuwa inauliza kwa subira, "Mgonjwa amepokelewa?"

Wakwe, walioshuka kwenye magari yao gizani na zawadi mikononi, walifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Waliifuata taa. Nyuma yao wakaja wageni wengine, na matarumbeta, ambayo hayahitaji umeme na hayana mtu wa kuyazima. Kamati ilipofika uani mwa zahanati na machela yake, ukweni kote kulikuwa kumeshajipanga kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje.

Tabibu Kiula alitoka na koti lake jeupe. Alimtazama Shangazi Damari juu ya machela, akatazama kitambaa cha shughuli.

"Hii ndiyo sufuria?" aliuliza.

"Daktari," Baba Mkubwa alimnong'oneza, "sema tu amepokelewa. Ile betri izime hayo mambo yake, kila mtu arudi kwenye taa yake."

"Nikisema amepokelewa, nimempokea. Nikimpokea, namlaza. Na nikimlaza hatoki mpaka kesho nimwangalie tena. Nitampima na presha."

"Kesho!" Shangazi akaketi wima. "Na pilau nani atapakua? Funguo ninazo mimi!"

"Funguo zitolewe."

"Hazitoki bila mimi!"

"Mgonjwa amepokelewa?" aliuliza Sista.

Shangazi mmoja wa ukweni akamwinamia mwenzake. "Sendofu za huku zina mambo," alisema. "Kumbe ndio maana wamealika zahanati."

Baba Mkubwa akamshika Tabea bega, akampeleka kwenye spika ya mlangoni, penye sikio la pili la Sista, akamnong'oneza. "Wewe ndiye anayekuamini. Mwambie mgonjwa amepona njiani. Basi. Hakuna aibu kwa mtu yeyote, na betri yako haitajua ilidanganywa."

Ulikuwa ushauri mzuri, na Tabea aliutaka. Alifungua mdomo kabisa. Lakini akili za betri hazisahau, zinajifunza. Kichwani alimwona Sista akijifunza. Angejifunza kwamba mtu anayelia hivyo, akasema tumbo na mgongo, hupona mwenyewe barabarani. Halafu siku moja angekuja mtu wa kweli, tumbo na mgongo, na Sista angesubiri kidogo aone kama atapona.

Njia nyingine ilikuwa kusema kweli. Sista angejifunza kitu hapo pia. Angejifunza kwamba Tabea ni mwongo.

Tabea akageuka akatazama ua. Kibaraza alichokuwa anakikwepa maisha yake yote kilikuwa hapo, na kijiji kizima kimekaa juu yake, pamoja na ukoo wa watu wasiomjua, na mpiga picha. Yunisi alikuwa amesimama pembeni ya kisima, upande wake mzuri gizani na ule mwingine kwenye taa.

"Heri asiniamini mimi," Tabea alimwambia Baba Mkubwa, "kuliko asimwamini mgonjwa."

"Unasemaje? Sema kwa sauti."

Akasema kwa sauti. Alimgeukia Sista, akashika ukingo wa mlango, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, kwa sababu spika ilikuwa inafanya kazi yake.

"Sista. Hakuna mgonjwa. Nilithibitisha uongo. Tulitaka umeme wa sherehe ya dada yangu."

Matarumbeta yakanyamaza. Mtu mmoja wa ukweni alisema "Eh!" akakanyagwa mguu.

Sista hakuwa na sentensi ya kujibu uongo, waliomtengeneza hawakumpa. Tabea alimsikia, au alidhani anamsikia, akitafuta kwenye maneno yake machache lile linalofaa, na alisimama akingoja liwe lolote.

"Hakuna mgonjwa," alisema Sista.

"Hakuna."

"Hakuna anayeumwa."

"Hakuna, Sista."

"Habari njema," alisema Sista.

Taa za zahanati zikazimika taratibu. Kutoka ghalani zikasikika betri zikirudi barabarani moja moja, ya gari la maiti kwanza, ya shule ya udereva mwisho kabisa, baada ya kujaribu mara kadhaa. Kijiji kikapata tena taa zake hafifu za mwanzo. Nusu ya Sista, ikiwa imepungua kidogo tu, ikafungwa.

Hakuna aliyejua acheke au alie. Ndipo yule shangazi wa ukweni aliposimama. "Sasa jamani, magari yetu yako hapo yamejaa chaji. Mngetuuliza tu. Undugu ni nini?"

Kamati haikuwa imefikiria hilo, maana kumwomba mkwe umeme siku ya kwanza ni jambo ambalo kamati hukaa ili lisitokee. Nyaya zikavutwa. Sendofu ikawaka. Yunisi akaingia akicheza, nywele nusu na nusu, na wasichana wa ukweni wakadhani ndiyo mtindo. Magari ya wakwe yalibaki matupu, kwa hiyo wakwe wakalala Kinyamwambo mpaka upepo uliporudi, wakala pilau, wakala na mbuzi waliokuwa hawamo kwenye bajeti. Mshereheshaji wa akiba alipata kazi kila siku.

Yunisi alipokuwa anaondoka alimkumbatia mdogo wake mpaka akamuumiza. "Ulinisemea kweli," alisema. "Ila siku nyingine uniulize kwanza."

*

Jumatatu iliyofuata Tabea alisimama mbele ya Sista kwa muda kabla ya kuuliza.

"Sista, uko tayari?"

"Niko tayari, mhudumu. Nusu ipo."

Sauti ilikuwa ileile. Tabea akashusha pumzi, akaendelea na kazi, akadhani yameisha.

Hayakuwa yameisha. Mwishoni mwa mavuno ya alizeti, jioni ya mpira, mwanamke mmoja aliletwa zahanati kwenye mkokoteni. Hakulia kwa ngazi. Aliguna tu, meno yameuma kanga, na Tabibu Kiula alipomwona alianza kukimbia.

"Nasikia mgonjwa," alisema Sista. "Mhudumu, thibitisha."

"Nathibitisha!"

Zahanati haikuwaka.

"Mhudumu," alisema Sista kwa upole uleule, "tafuta wa pili."

Tabea alisimama neno likimchoma. Kisha akatoka mbio mpaka katikati ya barabara, mbele ya vibaraza vyote, akapiga ukelele. Baba Mkubwa alisema baadaye kwamba hakujua sauti ile ni ya nani. Alijua tu kwamba miguu yake imeshatoka nje, na kiatu kimoja kimebaki sebuleni.

"Nathibitisha!" alihema mbele ya Sista. "Mimi Nashoni Kitundu, mwenyekiti wa—"

"Jina halihitajiki," alisema Sista. "Asante. Tunaondoka."

Tak, tak, tak. Taa za kijiji zikazimika nyumba kwa nyumba, na televisheni ya Baba Mkubwa pamoja nazo, penalti ikiwa bado haijapigwa. Upande wa pili wa ukuta, zahanati ikawaka.

Tabea alikaa mlangoni mwa ghala, akisikiliza. Kwenye nyumba ya jirani mtoto aliuliza kuna nini, mbona giza.

"Tulia, ule," mama yake akamjibu. "Tumempisha mtu."